Wifi kaniambia kila "oma" ni kansa

Shikamoo Bi Mkunga,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 36, nauza vitenge na madera sokoni hapa Muheza. Tangu mwaka jana siku zangu zimebadilika. Zamani nilikuwa naenda siku 4 zimekwisha, sasa ni 8, mara nyingine 9, na siku ya pili na ya tatu siwezi hata kufungua meza. Navaa pedi mbili, juu yake naweka kipande cha kanga, na bado naamka nimechafua shuka. Damu inatoka na mabonge. Nikibeba balo la madera kutoka stendi mpaka sokoni, moyo unanidunda mpaka nausikia masikioni.

Nilikwenda hospitali. Wakanipima damu wakasema ni 7.8, kisha nikapigwa ultrasaundi. Daktari alikuwa na foleni ndefu. Akaangalia ripoti, akasema, "Una uvimbe kwenye kizazi, mama, huo ni wa kuondoa tu," akaniandikia nirudi baada ya mwezi mmoja. Sikuelewa anaondoa uvimbe au anaondoa kizazi, na nikaona aibu kuuliza mbele ya wale wanafunzi.

Ripoti ni ya Kiingereza. Kijana wa stationari alinisomea, nami nakuandikia kama alivyotamka: "Yuterasi balki. Faibroidi nyingi, kubwa zaidi ni intramyurali, ukuta wa nyuma, haipoekoiki, 6.2 kwa 5.8 sentimita. Endometriamu milimita 9. Ovari ya kulia ina folikula sisti 2.4 sentimita. Ovari ya kushoto nomo." Chini daktari ameandika kwa mkono neno moja: lyomayoma.

Wifi yangu ana duka la dawa baridi. Alipoliona neno hilo la mwisho alishika mdomo. Akasema maneno yote yanayoishia na "oma" ni kansa, na kwamba nina uvimbe sehemu mbili maana na ovari imeshaguswa. Mama mkwe anasema ni zile sindano za uzazi wa mpango nilizochoma miaka 3. Kuna mtu wa tiba asili anatangaza kwenye simu, anasema ana dawa ya kuyeyusha uvimbe utoke wenyewe kwa haja ndogo, dozi ya wiki 6 kwa shilingi 180,000. Ameturushia ripoti za wagonjwa wake, kabla na baada, na kweli vipimo vimeshuka. Mume wangu ameshatuma nusu ya hela. Tunatamani mtoto wa pili.

Nifanye nini, Bi Mkunga? Ni kansa kweli? Samahani kwa barua ndefu. Siku hizi hata chakula sikitamani, natafuna mchele mbichi tu, nautia mfukoni mwa dera nikienda sokoni.

Mama N., Muheza

—

Marahaba mwanangu.

Niruhusu nianzie mkiani, kwenye hiyo sentensi ya mwisho uliyoiandika kama ya kuongezea tu. Huo mchele mbichi umenishtua kuliko ripoti nzima. Nilipokuwa wodini, mama akija amepauka nilikuwa namuuliza taratibu, wenzake wasisikie: "Unatafuna nini ukiwa peke yako?" Wengine mchele, wengine udongo ule wa kununua sokoni, mmoja alikuwa anamaliza barafu za jirani. Wengi wanaona haya kusema. Mwili uliokaukiwa madini ya chuma mara nyingi huleta uchu wa namna hiyo. Kwa hiyo mchele wako na hiyo namba 7.8 vinazungumza lugha moja.

Namba hiyo ni kiasi cha himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa safi kutoka kwenye mapafu. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 8 ni upungufu mkali. Moyo unakudunda kwa sababu unalazimika kuzungusha damu nyepesi mara nyingi zaidi ili kazi iende.

Kinachokuumiza leo ni damu inayopotea kila mwezi, na hiyo haiwezi kungoja mwezi mzima. Rudi hospitali wiki hii. Mwambie wa mapokezi, "Damu yangu ni 7.8 na moyo unanidunda nikitembea." Usiseme "nina uvimbe", maana utaambiwa ungoje tarehe yako. Daktari ndiye atakayeona kama unahitaji kuongezewa damu au vidonge vya madini ya chuma vitatosha. Na kama pedi inalowa chapa kila saa kwa saa 2 au zaidi, au ukahisi unataka kuanguka, usingoje asubuhi. Nenda usiku huohuo.

Sasa tuisome hiyo ripoti pamoja. Ichukue, ikunjue mezani.

"Yuterasi" ni mfuko wa uzazi, kizazi chenyewe. "Balki" maana yake umekuwa mkubwa kuliko kawaida yake. Hakuna zaidi ya hapo.

"Faibroidi" ni uvimbe unaoota kutokana na misuli ya mfuko wa uzazi. Hebu fikiria firigisi ya kuku, vile ilivyo ngumu na inavyoteleza. Firigisi ni msuli, na faibroidi nayo ni msuli uliojisokota ukawa donge. Nimezishika nyingi zikitoka chumba cha upasuaji ndani ya bakuli la chuma. Ni nyeupe-nyeupe, ngumu, ukikata ndani unaona nyuzi zimezunguka kama kamba iliyoviringishwa. Mara nyingi daktari akipasua ukuta unaoizunguka hutoka nzima, kama kiini kinavyochomoka kwenye yai la kuchemsha. Saratani haina tabia hiyo. Yenyewe hujipenyeza kwenye nyama ya jirani, haina mpaka. Neno lenyewe saratani tumelitoa kwenye Kiarabu, na maana yake ni kaa, mdudu wa pwani. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huo kwa jina la kaa. Waliona miguu inayotambaa kwenda pande zote.

"Intramyurali" ni mahali tu: donge limekaa ndani ya unene wa ukuta wa kizazi. Kuna zinazochomoza kwa nje, upande wa tumboni. Hizo zikikua hubana kibofu, ukawa unakwenda haja ndogo kila mara, au zikabana utumbo, choo kikawa kigumu. Na kuna zinazochomoza kwa ndani, pale anapokaa mtoto. Hizi za ndani hata zikiwa ndogo kama zabibu zinaweza kumwaga damu kwa wingi na kusumbua mimba. Ndiyo maana mwanamke mwenye donge la sentimita 2 anaweza kulala hospitali, na mwenye la sentimita 10 akawa analima bila habari. Mahali lilipo huwa na uzito kuliko ukubwa wake.

"Haipoekoiki" ndilo neno linalowatisha wengi, nami sijui kwa nini limebaki kwenye ripoti wanazopewa wagonjwa bila maelezo. Ultrasaundi hupeleka mlio usiosikika, kisha husikiliza mwangwi ukirudi. Mahali panaporudisha mwangwi kidogo huonekana peusi-peusi kwenye picha. Faibroidi nyingi huonekana hivyo. Neno linaeleza rangi ya picha, basi.

"Endometriamu" ni utando wa ndani wa kizazi, ule unaotoka kila mwezi na damu. Milimita 9 kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake haina neno.

Na hiyo "folikula sisti" wifi yako aliyosema ovari imeshaguswa? Sisti ni kifuko chenye maji. Kila mwezi ovari hutengeneza kifuko kidogo chenye yai ndani yake, kinakua mpaka sentimita 2 na ushei, kinapasuka, yai linatoka. Chako ni cha sentimita 2.4. Mwanangu, hiyo ni ovari iliyokutwa kazini. Mtu anayetafuta mtoto angefurahi kuiona.

Tumebakisha lyomayoma. Ni jina la kitaalamu la hiyohiyo faibroidi, kama mtu mmoja mwenye jina la nyumbani na jina la shule. "Lyo" ni laini, "mayo" ni msuli, na "oma" ni ule mkia wa Kigiriki uliomtia wifi yako kiwewe. Mkia huo mara nyingi humaanisha uvimbe, lakini hausemi ni uvimbe wa aina gani. Lipoma ni uvimbe wa mafuta, kile kidonge laini kinachocheza chini ya ngozi ya bega, hakina madhara. Hematoma ni damu iliyovilia ukijigonga. Trakoma ni vikope, ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria, hata uvimbe si uvimbe. Ila kweli limfoma na melanoma ni saratani, na ukiona karsinoma au sarkoma kwenye karatasi, hapo usiulize mtaani, rudi kwa daktari. Wifi yako hakutunga, aliokota nusu ya somo. Msamehe, ila asikutafsirie ripoti nyingine.

Umeniuliza ni kansa kweli. Picha hiyo inaonyesha faibroidi, na faibroidi si saratani. Ipo saratani ya msuli wa kizazi inayoweza kufanana nayo kwenye picha, lakini ni nadra sana, na hutiliwa shaka zaidi pale uvimbe unapokua kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Uvimbe ukitolewa hupelekwa maabara ukakatwa vipande vyembamba na kuangaliwa kwa darubini, na hapo ndipo neno la mwisho hutoka. Omba majibu hayo uyapate mkononi.

Wala hauko peke yako. Utafiti uliofanyika Washington, Marekani, ukachapishwa 2003, ulikadiria kwamba kufikia miaka 50 zaidi ya wanawake 80 kati ya 100 wenye asili ya Afrika wanakuwa na faibroidi, na karibu 70 kati ya 100 kwa wazungu. Wengi hawajui mpaka wanakufa kwa uzee.

Kuhusu sindano, mpe mama mkwe salamu zangu na umwambie kwa adabu kwamba kosa halipo huko. Faibroidi hulishwa na homoni za mwili wenyewe, ndiyo maana huota katika miaka ya kuzaa na kusinyaa baada ya hedhi kukoma. Hufuata ukoo pia: muulize mama yako na dada zako, huenda kuna aliyewahi kupasuliwa na hakusema. Sindano ya miezi 3 tafiti zimeikuta ikiandamana na faibroidi chache, si nyingi.

Hela ya mumeo sasa. Iliyokwenda imekwenda. Nusu iliyobaki ishikeni.

Donge lililo ndani ya ukuta wa kizazi halina njia ya kufika kwenye kibofu, kwa hiyo halitoki kwa haja ndogo hata ungekunywa bahari. Wanachopiga picha na kuwatumia watu huwa ni mabonge ya damu na utando, vitu ambavyo wewe unaviona kila mwezi bila kulipa mtu. Wengine huuza vifundo vya kuweka ukeni, vinababua ngozi ya ndani, ile ngozi iliyobabuka inatoka na mteja anaambiwa "uvimbe huo!" Na zile ripoti za kabla na baada? Donge si mraba wa sabuni. Mpimaji akiweka mstari wake hapa anapata 6.2, mwenzake kesho akiuweka kidogo pembeni anapata 5.7, na hakuna kilichosinyaa. Ningekuuliza vilevile hao waliopona wana damu ngapi leo, maana hilo halimo kwenye tangazo. Nimewapokea wanawake waliokunywa mitishamba miezi 6 wakingoja uvimbe uyeyuke, wanaletwa na damu 4, wanabebwa.

Sitaki usome hapo kwamba naidharau miti. Bibi yangu alikuwa mjuzi wa miti. Ila hakuwahi kutoza mtu nusu kwanza kwa simu.

Zipo dawa za hospitali, na mpangilio wake ni huu nitakaokupa kwa kifupi. Ipo ya kupunguza kutoka kwa damu, asidi ya traneksamiki, inayomezwa zile siku nzito tu. Hailingani na mtu aliyewahi kugandiwa na damu kwenye mguu au mapafu, kwa hiyo iandikwe na daktari, usiichukue kwa wifi kwa makadirio. Zipo za homoni, vidonge au kitanzi maalumu, ila nyingi huzuia mimba nawe unatafuta mtoto. Ipo sindano inayozima homoni kwa miezi michache, uvimbe ukasinyaa na damu ikapata nafasi ya kupanda kabla ya upasuaji. Ukiacha, donge hurudi ukubwa wake.

Vidonge vya madini ya chuma vinahitaji maneno zaidi kidogo, maana watu wengi huvimeza vibaya. Usivimeze na chai wala kahawa, hizo huizuia chuma isiingie mwilini. Ngoja angalau saa 1 au 2. Meza na maji ya chungwa au ya ndimu. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Vikikuchafua tumbo mwambie daktari, unaweza kupangiwa siku moja kunywa na moja kupumzika, usiviache kimyakimya. Na damu ikishapanda, endelea miezi kama 3 kujaza akiba. Rozela na bitiruti kunywa kama unapenda, lakini kutoka 7.8 havikufikishi popote.

Halafu lile swali ulilolionea aibu. "Kuondoa" kuna mambo mawili tofauti, na una haki ya kujua ni lipi linakusudiwa kabla hujatia sahihi. Maiomektomi ni kutoa madonge na kuacha kizazi. Histerektomi ni kutoa kizazi chote, na baada ya hapo huwezi kubeba mimba. Kwa mama wa miaka 36 anayetaka mtoto, la kwanza ndilo la kuzungumzia kwanza. Lina gharama zake pia: damu hupotea mezani, ndiyo maana lazima yako ipande kabla na ndugu waandaliwe kuchangia. Madonge mapya yanaweza kuota baadaye. Utaambiwa ungoje miezi kadhaa kabla ya kushika mimba ili kovu likaze, na huenda ukashauriwa kujifungua kwa upasuaji kutegemea kovu lilivyokaa.

Lakini hata hilo halijaamuliwa. Wanawake wengi hupata mimba na kuzaa wakiwa na faibroidi zao. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili, liandike kwenye karatasi kwa kalamu: "Je, hili donge la 6.2 linasukuma nafasi ya ndani ya kizazi, au limekaa ukutani tu?" Ripoti yako haikusema. Likiwa linasukuma, kulitoa kabla ya mimba kuna sababu. Kama halisukumi, huenda damu ikitengemaa mkashauriwa mjaribu mtoto kwanza. Mwombe pia akuambie kama kuna sababu nyingine ya damu hiyo kuwa nyingi, maana wakati mwingine faibroidi ipo na mkosaji ni mwingine, tezi ya shingo kwa mfano.

Jingine dogo, ukiwa hukohuko hospitali. Una miaka 36. Je, umewahi kupimwa mlango wa kizazi? Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo haihusiani kabisa na faibroidi, huletwa na kirusi cha HPV. Kipimo chake kinachotumika sana kwetu ni cha kupaka siki iliyozimuliwa na kuangalia kama pana sehemu inageuka nyeupe, hakichukui dakika 10. Ukipata damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, sema waziwazi bila kungoja kuulizwa. Kwa akina mama wengi neno "uvimbe kwenye kizazi" limekuwa kapu moja, wakishaambiwa wana faibroidi wanadhani wamekwisha pimwa kila kitu.

Nenda na mumeo. Mwache akae ndani ya chumba asikie mwenyewe tofauti ya kutoa uvimbe na kutoa kizazi, usije ukarudi nyumbani kumtafsiria ukiwa na kizunguzungu. Wale wanafunzi wasikutie haya, wako pale kujifunza, na swali la mgonjwa ni somo. Ukiona unaharakishwa, sema, "Daktari, naomba dakika 2, nimeandika maswali 3." Nimefanya kazi nao miaka mingi. Wengi wakiona karatasi hukaa.

Balo la madera mtafutie kijana wa mkokoteni mpaka damu ipande. Mchele sikukatazi, hutaweza kuuacha kwa kukemewa. Ukianza vidonge, uchu wenyewe huondoka, mara nyingi hata kabla ya namba kupanda sana. Siku utakapotia mkono mfukoni ukakuta mchele wa juzi umesahauliwa humo, niandikie.